Milingoti Majini: Ufundi wa Kusoma Picha za Kale za Forodhani

Picha nyingi za kale za Unguja Mjini zimepigwa kutoka baharini. Mpiga picha alisimama juu ya chombo kilichotia nanga, akaielekeza kamera kwenye safu ya majumba meupe ya Forodhani. Katika picha za miaka ya 1880 safu hiyo huanzia kulia na Ngome Kongwe, ikafuata Beit al-Ajaib, kisha Beit al-Hukm, na kushoto zaidi Beit al-Sahel, jumba la ufukweni la Seyyid Said. Ngome bado imesimama. Beit al-Sahel la leo ni jengo jingine katika kiwanja kilekile. Beit al-Hukm halipo. Na Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele pamoja na mnara wake tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati. Anayetaka kuiona safu ile ikiwa kamili hana pa kwenda ila kwenye picha, na picha hazisemi mpaka zisomwe.

Usomaji huo ni ufundi kama useremala au uundaji wa majahazi, ingawa vifaa vyake ni vichache: kioo cha kukuzia, ramani, orodha ya tarehe zinazojulikana, na subira. Anayeanza huvutwa na jumba lililo katikati ya picha. Aliyezoea huliacha kwanza, akatazama pembeni. Jumba kubwa hukaa vilevile miaka ishirini, kwa hiyo halisaidii sana kujua picha ni ya lini. Vinavyosaidia ni vitu vilivyokuja na kuondoka karibu nalo: mnara, reli, mti, chombo bandarini.

Mnara ndio mfano ulio bora. Beit al-Ajaib lilipojengwa halikuwa na mnara wowote juu yake. Mnara ulikuwepo, lakini ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari, ukifanya kazi mbili kwa pamoja: saa kwa watu wa mjini na taa kwa mabaharia. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la Sultani bila idhini ya Waingereza. Siku mbili baadaye, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari za Uingereza zilianza kupiga mizinga. Haikutimia saa moja, vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na mwenyewe akakimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani. Beit al-Hukm na Beit al-Sahel yalibomolewa vibaya. Beit al-Ajaib liliponea chupuchupu, lakini mnara wa mbele yake uliharibika usifae tena. Mwaka uliofuata mnara mpya wa saa ulijengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba lenyewe, na ndio ambao vizazi vilivyofuata viliudhani kuwa ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo picha yenye mnara uliojitenga, ukiwa mzima, ni ya kabla ya mizinga ya Agosti 1896, hata kama nyuma yake pameandikwa mwaka mwingine kwa wino mzuri kiasi gani.

Asubuhi ileile ilizama pia Glasgow, meli ya Sultani. Haikuzama ikapotea: bandari haikuwa na kina cha kutosha kuimeza, na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912, mabaki yalipovunjwavunjwa na kuondolewa. Kwa miaka kumi na sita kila aliyepiga picha ya bandari alilazimika kuipiga na milingoti hiyo, apende asipende. Wengine walijaribu kuikwepa kwa kusogeza kamera, lakini ncha moja huonekana bado ukingoni mwa picha, nyembamba kama sindano. Kwa msomaji ncha hiyo ina thamani kuliko majumba yote yaliyo nyuma yake. Pakiwa na mnara mpya na milingoti, picha imefungwa kati ya 1897 na 1912. Pakiwa na mnara mpya bila milingoti, ni ya baada ya hapo, ilimradi sehemu hiyo ya bandari imo ndani ya picha.

Reli ya Bububu hukaza mafundo zaidi. Ilianza kufanya kazi mwaka 1905, ikitokea karibu na Ngome Kongwe, na ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Bustani ya Forodhani nayo ni ya katikati ya miaka ya 1930. Kabla yake ufuko ule ulikuwa mahali pa kazi, penye mabanda, mizigo na makuli.

Kabla ya kuhesabu miaka, hata hivyo, yapo ya kuhakikishwa. La kwanza ni kama picha imegeuzwa. Wapiga picha wa zamani walitumia vioo badala ya filamu, na kioo kikiwekwa upande usio wake wakati wa kuchapa, kushoto huwa kulia. Forodhani ina kipimo chepesi: ikiwa picha imepigwa kutoka baharini na Ngome iko kushoto kwa Beit al-Ajaib, kioo kiligeuzwa. La pili ni rangi. Vioo vya zamani havikuhisi rangi nyekundu, ndiyo maana bendera ya Sultani, iliyokuwa nyekundu tupu, huonekana nyeusi. Postikadi zilizotiwa rangi kwa mkono haziaminiki hata kidogo, kwani mpaka rangi mara nyingi alikuwa Ulaya na hajawahi kukanyaga Unguja. Bahari ya buluu na kuta za waridi ni mapenzi yake mwenyewe.

La tatu ni muda. Kioo cha kale kilihitaji kuachwa wazi kwenye mwanga kwa kitambo, na kila kilichotembea kikafutika. Forodhani huonekana imelala, maji yametulia kama mafuta, njia hazina mtu. Kumbe palikuwa na msongamano. Ukikuza picha utaona vivuli hafifu karibu na ardhi, na miguu miwili isiyo na kiwiliwili: mtu aliyesimama kidogo kisha akaondoka. Wanaoonekana sawasawa ni waliokuwa wameketi barazani.

Saa za minarani nazo hudanganya kwa urahisi. Mshale ulio kwenye tatu unaweza kuwa saa tatu ya Kiswahili au saa tatu ya Kizungu, na tofauti yake ni saa sita nzima. Jawabu liko kwenye vivuli. Majumba ya Forodhani yameelekea kaskazini-magharibi, hivyo nyuso zake huwaka jua la alasiri na kukaa kivulini asubuhi.

Studio zilizotoa picha hizi zilikuwa nyingi za Wagoa. A. C. Gomes na Pereira de Lord ni majina yanayojirudia pembeni mwa picha na nyuma ya postikadi, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Picha iliyouzwa vizuri iliendelea kuchapwa baada ya mji kubadilika, kwa hiyo muhuri wa posta husema tu kadi ilitumwa lini. Msomaji asiyelijua hili huweza kulisimamisha jumba miaka kumi baada ya kuanguka kwake.

Kulijenga upya jumba kwa macho ni kazi nyingine, na hapo Beit al-Hukm ndilo gumu zaidi. Lilikuwa makao ya wanawake wa jumba la Sultani, na njia zilizofunikwa, zilizopita juu ya barabara, ziliyaunganisha majumba matatu ili waweze kupita bila kuonwa. Kamera ilionyesha njia hizo kwa nje, ndani haikukaribishwa. Maneno hujaza baadhi ya pengo. Sayyida Salme, binti Seyyid Said, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo maisha ya Beit al-Sahel yamesimuliwa na mtu aliyelijua kwa ndani. Lakini aliondoka Unguja mwaka 1866, kabla ya Beit al-Ajaib kuwepo, basi maelezo yake hayawezi kubandikwa tu juu ya picha za baadaye.

Pengo jingine hujazwa na ujuzi wa ujenzi. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilishikwa na boriti za mikoko. Boriti haizidi sana mita tatu, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Anayejua hivyo akiona safu ya madirisha kwenye uso wa nyumba iliyotoweka anaweza kukisia vyumba vilivyokuwa nyuma yake, virefu na vyembamba. Kipimo hiki hakifai kwa Beit al-Ajaib, ambalo Barghash alilizungushia nguzo za chuma na kulipa kumbi pana zisizotegemea miti ya mikoko. Baada ya vita mahali pa Beit al-Hukm palifanywa bustani, na Beit al-Ajaib likawa ofisi za serikali mwaka 1911.

Udhaifu mkubwa wa picha hizi ni mahali kamera iliposimama. Biashara ya postikadi ilitaka majumba na milango ya nakshi. Ng'ambo, ng'ambo ya maji ya Pwani Ndogo ambako wengi wa wakazi waliishi, haikuwa na wateja. Pwani Ndogo ilifukiwa hatua kwa hatua, na jina la Darajani limebaki bila daraja. Nyumba nyingi za Ng'ambo za miti na udongo zilibomolewa baada ya 1964 kupisha majumba ya ghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Kwa sehemu kubwa hakuna aliyekusudia kuzipiga picha. Zinapatikana kwenye picha zilizopigwa kutoka juu ya mapaa ya mjini, kamera ikitazama bara: nyuma ya mapaa bapa ya mawe, juu kabisa, mahali lenzi inapoanza kupoteza ukali, upo ukanda mwembamba wa kijivu. Chini ya kioo cha kukuzia ukanda huo huvunjika ukawa mapaa ya makuti, moja baada ya jingine, na yanaweza kuhesabiwa.