Mkono Uchorao Shauku

Katika sanaa zote zionyeshazo viumbe wakitembea na kunena, filamu ya katuni ndiyo pekee isiyokuwa na jambo hata moja lililotokea kwa sadfa. Mwigizaji wa nyama na damu huja mbele ya kamera na mwili aliourithi kwa wazazi wake, na mwendo aliouzoea tangu utotoni, na namna yake ya kupepesa macho ambayo yeye mwenyewe hana habari nayo. Bali kiumbe wa katuni hana mwili mpaka achorewe, wala hawezi kuinua unyusi, kugeuza shingo, au kuweka mkono kiunoni, ila mtu fulani, ameketi mbele ya meza ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, awe amekata shauri kwamba unyusi huo uinuke, uinuke kadiri gani, na ukawie hapo muda gani kabla ya kushuka. Sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24. Mchoraji wa karatasi alizichora zote pale mwendo ulipokuwa wa kasi, na 12 pale ulipokuwa wa kawaida, kila moja ikipigwa mara mbili. Na kati ya picha na picha alijitazama kiooni, akaukunja uso wake mwenyewe, akauhamishia kwenye karatasi. Ni kazi ya subira kubwa, na mimi naistahi kuliko fani nyingi zinazotajwa kwa adhama zaidi.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu naamini ndani yake mna jawabu la swali linaloulizwa mara nyingi na kujibiwa kwa pupa: kwa nini wapenzi wa jinsia moja, na wale ambao nafsi zao hazikulingana na jinsia waliyohesabiwa walipozaliwa, wamewakumbatia baadhi ya wahusika wa katuni kwa mapenzi makubwa, ilhali kwa miaka mingi hakutajwa katika filamu hizo hata mmoja aliye kama wao. Wako wasemao kuwa ni bahati, na wako wasemao kuwa ni njama. Mimi naiona sababu katika ustadi wa wachoraji na watungaji wenyewe. Mtu aliyekulia katika nyumba au mji ambamo ilimpasa kuuchunga mwendo wake, na sauti yake, na namna anavyoshika kikombe, asije akajulikana, huyo amejifunza mapema mno kwamba ishara ya mwili ni kitu cha kuchaguliwa. Na akimwona kiumbe ambaye kila ishara yake imechaguliwa, humtambua kabla hajajua kwa nini amemtambua.

Wa kwanza kutajwa hapa hana budi kuwa yule nguva mwenye nywele nyekundu wa The Little Mermaid, filamu ya Disney ya mwaka 1989 iliyoongozwa na Ron Clements na John Musker. Na mtu wa kutajwa pamoja naye ni Howard Ashman, aliyeyatunga maneno ya nyimbo zake huku Alan Menken akitunga muziki. Ashman alizaliwa Baltimore mwaka 1950, akawa mtu wa michezo ya jukwaani huko New York, naye alikuwa mwanamume aliyependa wanaume. Alipofika California aliwakuta wachoraji hodari wasiozijua sana kanuni za michezo ya nyimbo, akawafundisha kwamba karibu na mwanzo wa mchezo mhusika mkuu huketi mahali akaimba lile alitakalo kuliko yote, na hadhira ikishalijua hilo itamfuata mpaka mwisho.

Basi mtazame Ariel katika pango lake. Amekusanya humo vitu vilivyozama na merikebu, saa na vitabu na vinara na uma ambao hajui matumizi yake. Amevipanga kwa taratibu juu ya mawe, na amevificha baba yake asivijue. Anaimba kwa sauti ya Jodi Benson, ambaye Ashman alimsimamia kwa karibu katika chumba cha kurekodia, akimtaka apunguze ukubwa wa sauti na kuzidisha hisia. Na Glen Keane, msimamizi wa uchoraji wa Ariel, anampandisha polepole kuelekea tundu lililo juu ya pango, mkono umenyooshwa, vidole vimetanuka, mpaka mwanga wa juu ya maji unamwangukia usoni na mkono haufiki. Katika wimbo ule hamna neno hata moja la mapenzi kwa mtu yeyote. Mwana wa mfalme atakayempenda hajamwona bado; shauku imemtangulia huyo kijana. Tunaonyeshwa tu mtoto aliyeuona ulimwengu mwingine kwa mbali, akajua kwamba huko ndiko kwake, na kwamba aliyemzaa hataridhia. Dada yake Ashman amesimulia kwamba kaka yake alipokuwa mdogo alikuwa akivipanga vikaragosi vyake chumbani, akavipamba na kuvitilia taa, kisha akamwita aje asikilize hadithi yao. Nikilikumbuka hilo huona kwamba maneno ya pangoni hayakutungwa na mtu aliyekuwa akikisia.

Wimbo huo ulikaribia kutupwa. Filamu ilipojaribiwa mbele ya watazamaji ikiwa haijamalizika, na sehemu hiyo ikiwa ni michoro isiyotiwa rangi, watoto walianza kuhangaika vitini, na Jeffrey Katzenberg, mkuu wa studio, akataka ukatwe. Ashman alikataa katakata. Keane naye aliutetea. Na wakurugenzi wakakumbusha kwamba wimbo wa Judy Garland katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939, ambao wapenzi wa jinsia moja wa Marekani wameuhesabu kuwa wao kwa vizazi vizima, nao ulinusurika kwa shida hukumu ya namna hiyohiyo.

Kisha anaingia baba. Mfalme Triton analigundua pango, na kwa ghadhabu anakiponda kila kitu kwa mkuki wake wa ncha tatu, binti akisihi na hasikilizwi. Kwa mtu ambaye barua zake au picha zake za siri zilifumaniwa na mzazi, tukio hilo halihitaji sherehe ya mfasiri. Aliyesimamia uchoraji wa Triton ni Andreas Deja, mzaliwa wa Poland aliyelelewa Ujerumani, naye pia ni mtu asiyeficha kwamba hupenda wanaume; na ni vema kutazama jinsi alivyomchora mfalme baada ya uharibifu, uso ukilainika kwa majuto, na mwili ule mkubwa ukigeuka kuondoka bila ya neno. Hakumfanya dhalimu mtupu. Amemwonyesha baba ampendaye mtoto wake na asiyejua kumpenda, na baba wa namna hiyo ni wengi kuliko madhalimu.

Wengine wamemsoma Ariel kwa maana iliyo karibu zaidi na mwili. Mtu ajuaye tangu utotoni kwamba umbo alilopewa si lake, akamwona kiumbe aliye tayari kutoa sauti yake ili mkia wake ugeuzwe miguu, hahitaji kuelezwa. Huko Uingereza, shirika lililoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya watoto na vijana wa hali hiyo limejiita Mermaids.

Tena kisa chenyewe kilikuwa na jeraha hilo tangu asili. Hans Christian Andersen wa Denmark alikichapisha mwaka 1837. Mwaka uliotangulia, Edvard Collin, kijana wa nyumba iliyomfadhili Andersen na kumsimamia masomo, alikuwa ameoa mke; naye Andersen alikuwa amemwandikia Edvard barua zenye mapenzi makali, akikiri kwamba hisia zake kwake zilikuwa kama za mwanamke. Edvard hakuweza kumrudishia, na katika uzee wake aliandika kwamba jambo hilo lilimtesa mwenziwe. Sipendi kuwaandikia wafu hati za utambulisho ambazo wao hawakuzitia sahihi. Lakini mwandishi aliyemkata nguva wake ulimi, akampa miguu ambayo kila hatua yake ni kama kukanyaga visu, akamfanya acheze katika harusi ya yule ampendaye pasipo kuweza kumwambia lolote, huyo aliyajua maumivu ya penzi lisilo na lugha, na watu waliopenda hivyo wamekuwa wakiyakuta humo kwa karibu miaka mia mbili.

Na Ursula je? Mchawi wa bahari alipokuwa akitafutiwa sura, michoro mingi ilijaribiwa, na mmoja, wa Rob Minkoff, ulimfuata Divine, jina la jukwaani la Harris Glenn Milstead, mwanamume wa Baltimore aliyeigiza kwa mavazi ya kike katika filamu za John Waters: mwili mkubwa usioomba radhi, nyusi zilizochorwa juu kabisa ya paji, wanja mzito, midomo iliyopakwa rangi kwa makusudi ya kuonekana. Divine alifariki mwaka 1988, asiione filamu hiyo. Msimamizi wa uchoraji, Ruben Aquino, aliyapa mapande yale ya mnofu wepesi wa mchezaji. Na Pat Carroll, aliyempa Ursula sauti, amesimulia kwamba alimwomba Ashman amwimbie wimbo wa mchawi yeye mwenyewe, naye akayachukua madaha yake yote. Kwa hiyo tunapomsikia Ursula akimfundisha Ariel jinsi mwili unavyoweza kusema pale sauti iliponyang'anywa, tunamsikia ndani yake mtungaji mwenyewe, mtoto wa mji uleule wa Divine. Sijui mfano mwingine katika filamu za watoto ambapo watu waliozoea kutengwa wameingia kwa ukamilifu kiasi hicho katika kazi iliyopendwa na dunia nzima.

Hapa pana jambo chungu, nami sitalipita. Kuanzia mwaka 1934, Hollywood ilipoanza kuisimamia kwa nguvu kanuni yake ya maadili, mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa kuonyeshwa wala kudokezwa, na kanuni hiyo haikuondolewa mpaka 1968. Nao waliotaka kumwonyesha mwanamume mwenye madaha, sauti ya kuvuta, na kifundo cha mkono kilicholegea, walimpa nafasi iliyokuwa wazi, nayo ni ya mwovu. Ndiyo nafasi ya Kapteni Hook wa mwaka 1953, na desturi hiyo ilidumu hata kanuni ilipokwisha kufa. Jafar wa mwaka 1992 na Scar wa mwaka 1994 wote wawili wamesimamiwa na Deja. Wasomaji wetu wanamfahamu Scar vizuri, maana The Lion King iliwavika wanyama wake majina ya Kiswahili, Simba na Rafiki na Shenzi, na watoto wetu waliyakariri kwa fahari. Mfalme wao, Mufasa, hutembea kwa uzito. Nduguye Scar hujinyoosha juu ya jiwe, huchezea ukucha wake, hunena neno moja moja kwa sauti ya Jeremy Irons kana kwamba kila neno lina ladha yake. Wapo wanaolalamika kwamba kwa njia hii watoto wengi walifundishwa kumhofu mwanamume laini kabla hawajakutana na hata mmoja, na lalamiko hilo nalikubali lote. Walakini wale waliosingiziwa ndio waliompenda Scar kuliko wote, na haki yao naiona pia: wana wa wafalme wamechorwa kwa tahadhari, uso mzuri usio na fikira, ilhali mwovu amechorwa kwa furaha na mkono uliofunguliwa. Aliyetafuta uhai kwenye pazia aliufuata ulipokuwa.

Ashman alifariki tarehe 14 Machi 1991 kwa UKIMWI, akiwa na miaka 40, Beauty and the Beast ikiwa haijamalizika. Kwa ajili ya ugonjwa wake, ambao wengi hawakuujua, Disney iliwapeleka wasanii wake Fishkill, karibu na nyumba yake, wakafanye kazi huko. Tuzo ya Oscar ya wimbo wa filamu hiyo ilipotolewa mwaka 1992, aliyepanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake ni Bill Lauch, mwenzi wake, akasema wazi mbele ya ulimwengu kwamba walikuwa na nyumba moja na maisha mamoja.

Baada ya zaidi ya miaka 20 alikuja Elsa wa Frozen, naye ni mfano wa kipekee wa jinsi wimbo unavyoweza kuokoa mtu. Mwanzo alikusudiwa awe mwovu. Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez walipotunga wimbo wa Elsa wa kupanda mlimani, ambao Idina Menzel aliuimba, waliousikia walitambua kwamba mwenye kuimba vile hawezi kuwa adui wa mtu, na kisa kikaandikwa upya. Msichana aliyefundishwa na wazazi wake kuficha na kutohisi, aliyevishwa glavu ili mikono yake isimfichue, anaivua iliyobaki na kuirusha upeponi, joho nalo linamwachia mabega, nywele zinafunguka, na hatua zake zinageuka za mwenye nyumba. Wala hakupewa mchumba, si katika filamu ya mwaka 2013, si katika ile ya 2019. Na mwaka 2016 watazamaji wengi walidai hadharani apewe mpenzi wa kike.

Siku hizi studio zimeanza kutaja waziwazi, na jambo hilo ni haki iliyochelewa. Ila mara nyingi kutaja kumefanywa kwa woga. Katika Onward ya mwaka 2020 yupo polisi mwenye jicho moja asemaye sentensi moja tu kuhusu mtoto wa mpenzi wake wa kike. Kwa sentensi hiyo filamu ilizuiwa Kuwait, Oman, Qatar na Saudi Arabia, na huko Urusi neno lilibadilishwa likawa lisiloonyesha jinsia. Mhusika huyo hana shauku iliyochorwa, wala ishara aliyofikiriwa. Ukimwondolea sentensi yake hakuna kinachopungua, na ndiyo maana sijasikia mtu akimkumbuka kama anavyokumbukwa Ursula, ambaye hakukiri lolote.

Ninayemtumaini zaidi ni Nimona wa mwaka 2023, kwa kuwa kwake kutaja na kuchora kumekutana. Kisa chake kilitungwa kwanza kwa michoro ya kitabu na ND Stevenson, mtungaji ambaye mwenyewe ni wa wale walioihama jinsia waliyohesabiwa. Studio ya kwanza iliyokuwa ikiitengeneza filamu, Blue Sky, ilifungwa mwaka 2021, kazi ikaokotwa na wengine ikakamilishwa na wakurugenzi Nick Bruno na Troy Quane. Nimona huwa kifaru, huwa nyangumi, huwa mvulana, huwa ndege, kila umbo likimtoka kwa wepesi ambao kamera ya kawaida isingeweza kuunasa kwa mwigizaji yeyote. Na pale shujaa, mwanamume aliyependana na mwanamume mwenziwe, anapomsumbua kwa kumuuliza yeye ni kitu gani hasa, hujibu kila mara kwa jina lake tu, akaendelea na kazi.