Aliyehama na Aliyehamishwa: Kuwasoma Kanafani na Yizhar Pamoja

Utangulizi

Tangu Oktoba 2023, mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina umeingia madarasani mwetu bila kubisha hodi. Mwanafunzi akipewa uhuru wa kuchagua mada ya insha, huandika juu ya Gaza. Mara nyingi mwalimu huweza kukisia upande atakaoutetea kabla hajafika aya ya pili, kwa kujua tu dini yake. Mkristo huwalilia wa upande mmoja, Mwislamu huwalilia wa upande wa pili, na wote wawili huamini wanatetea haki.

Ukweli wa mambo ni mzito kuliko insha hizo. Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200, wengi wao raia, waliuawa nchini Israeli katika shambulio lililoongozwa na Hamas, na wengine 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo. Katika vita vilivyofuata, Wizara ya Afya ya Gaza ilihesabu waliouawa zaidi ya 65,000 kufikia mwisho wa Septemba 2025, siku chache kabla ya makubaliano ya kusitisha mapigano ya mwezi Oktoba. Hesabu hiyo haitenganishi wapiganaji na raia, lakini wanawake na watoto ni sehemu yake kubwa.

Takwimu hizi hazina budi kujulikana, ila peke yake hazimfundishi mwanafunzi namna ya kuwatazama watu waliomo ndani yake. Kwa sababu hiyo makala haya yanahakiki kazi mbili za fasihi zilizotoka pande mbili za mgogoro: Khirbet Khizeh ya S. Yizhar, iliyoandikwa kwa Kiebrania na kutolewa mwaka 1949, na A'id ila Hayfa, yaani Kurudi Haifa, ya Ghassan Kanafani, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kutolewa mwaka 1969. Zote mbili ni fupi na zinapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa, lugha ambazo wanafunzi wetu wanazisoma. Hoja yangu ni kwamba kila mwandishi ameona vizuri jambo ambalo mwenzake ameliacha gizani. Anayefundisha moja bila nyingine anafundisha nusu.

Waandishi na mazingira yao

Yizhar Smilansky, aliyejulikana kwa jina la S. Yizhar, alizaliwa Rehovot mwaka 1916. Alihudumu jeshini katika vita vya 1948, kisha akawa mbunge wa Israeli kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2006. Kwa hiyo hakuwa mgeni wala mpinzani wa taifa lake. Alikuwa mmoja wa waliolijenga, na hilo ndilo linaloipa hadithi yake uzito.

Kanafani alizaliwa Akka mwaka 1936. Mwaka 1948 familia yake ilikuwa miongoni mwa Wapalestina wapatao 700,000 waliopoteza makazi yao, tukio ambalo Waarabu huliita Nakba, yaani janga. Aliishi ukimbizini Damascus, akafundisha shule, akafanya kazi Kuwait, hatimaye akawa mhariri mjini Beirut na msemaji wa PFLP, chama kilichopigania ukombozi wa Palestina kwa silaha.

Muhtasari

Katika Khirbet Khizeh, msimulizi wa nafsi ya kwanza ni askari asiye na jina. Kikosi chake kinatumwa kwenye kijiji cha Waarabu mwishoni mwa vita. Hakuna mapigano ya maana. Waliobaki kijijini ni wazee, wanawake, watoto na wasiojiweza. Askari wanawakusanya, wanawapandisha kwenye malori na kuwapeleka ng'ambo ya mpaka. Msimulizi anasononeka, anamlalamikia kiongozi wake Moishe, naye Moishe anamjibu kwamba wahamiaji wa Kiyahudi watakuja, watalima, na pataneemeka. Msimulizi ananyamaza na kazi inaendelea.

Katika Kurudi Haifa, Said na mkewe Safiyya wanasafiri kutoka Ramallah hadi Haifa mwishoni mwa Juni 1967, baada ya vita kuondoa mpaka uliokuwapo. Wanakwenda kuiona nyumba yao ya zamani. Jambo wasilothubutu kulitamka njiani ni kwamba tarehe 21 Aprili 1948, katika vurugu za kuanguka kwa mji, walimwacha humo mtoto wao Khaldun wa miezi mitano. Ndani wanamkuta Miriam, mjane wa Kiyahudi kutoka Poland, ambaye baba yake alikufa Auschwitz. Yeye na mumewe walipewa nyumba hiyo pamoja na mtoto. Jioni mtoto anafika. Jina lake sasa ni Dov, na amevaa sare za jeshi la Israeli.

Wahusika: nani ana jina?

Tofauti ya kwanza ya kifani ni majina. Wanakijiji wa Yizhar hawana majina. Wanatajwa kwa miili na vilio vyao: mzee anayesihi, mwanamke anayepiga mayowe, mama anayepita amemshika mwanawe mkono bila kuwatazama askari. Mama huyo ndiye kilele cha hadithi. Kwa kumtazama tu, msimulizi anatambua kwamba mtoto yule atakua akiikumbuka siku hiyo, na kwamba kinachoota moyoni mwake kitakuja kuwauma waliokipanda. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1949. Hata hivyo mama yule anapita, wala hatupati kujua anaitwa nani. Majonzi ni yake, lakini simulizi imebaki kuwa ya askari.

Kanafani amefanya kinyume. Mtu wa upande wa pili amepewa jina, historia na nafsi. Miriam hakuchorwa kama mnyang'anyi. Alipofika Haifa aliwaona vijana wawili wenye silaha wakiitupa maiti ya mtoto wa Kiarabu ndani ya lori kana kwamba ni gogo, akamkumbuka kaka yake mdogo aliyepigwa risasi na askari wa Kijerumani, akataka kuondoka nchini. Si jambo dogo kwa msemaji wa chama cha kijeshi, miaka miwili tu baada ya kushindwa kwa 1967, kuandika kurasa hizo. Amemfanya Myahudi aliyeokoka mauaji ya Ulaya kuwa shahidi wa kifo cha mtoto wa Kipalestina.

Kanafani pia ana jicho la vitu vidogo. Said anaingia sebuleni na kuhesabu manyoya ya tausi ndani ya chombo. Anakumbuka yalikuwa saba, sasa yamebaki matano. Hajui mawili yamekwenda wapi, na hana haki tena ya kuuliza. Mwalimu anayetafuta mfano wa ishara inayobeba dhamira bila kuitangaza hana haja ya kwenda mbali.

Lugha: kitenzi na mtendaji wake

Hapa ndipo sisi walimu wa Kiswahili tunapoweza kusema jambo ambalo wahakiki wa lugha nyingine hawakulisema, kwa kuwa unyambulishaji wa vitenzi vyetu unalifichua mara moja. Dov anawashitaki wazazi wake wa damu: mliondoka, mkaniacha. Kwake yeye, wao walihama. Lakini sura za mwanzo zimekwisha kutuonyesha siku ile ilivyokuwa: Said amebanwa na umati unaosukumwa kuelekea bandarini, Safiyya ametoka mbio kumtafuta, na kila wakijaribu kurudi nyumbani wanakokotwa kuelekea majini. Wao walihamishwa. Kati ya -hama na -hamishwa pana viambishi viwili tu, cha kusababisha na cha kutendwa, na ndani ya viambishi hivyo mna kesi nzima ya wakimbizi wa 1948.

Yizhar naye anaanza hadithi yake kwa lugha ya amri. Msimulizi anayataja maneno ya karatasi ya jeshi: kukusanya wakazi, kuwapakia, kulipua nyumba za mawe, kuchoma vibanda. Anayasema kwa kejeli, kwa kuwa anajua jinsi maneno safi yanavyoficha kazi chafu. Mtafsiri wa Kiswahili atakutana hapa na uamuzi mgumu. Mizigo hupakiwa, watu hupandishwa. Kondakta wa basi husema anapakia abiria, lakini hapo tunajua ni mzaha wa barabarani. Mtafsiri atakayeandika kwamba wazee wale "walipandishwa" atakuwa ameipamba amri. Atakayeandika "walipakiwa" atakuwa ameacha ukatili wake uonekane. Mimi ningechagua la pili.

Neno jingine ni uhamisho. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutokana na habari za Babeli. Msimulizi wa Yizhar anapowaona watu kwenye malori, anakumbuka mafundisho yote aliyolelewa nayo kuhusu uhamisho wa Wayahudi, na ghafla anatambua kwamba safari hii wanaouleta uhamisho ni wao wenyewe. Hitimisho la hadithi linagusa Mwanzo 18, Mungu anaposhuka kuangalia kama mambo yako sawasawa na kilio kilichomfikia. Yizhar hakukopa maadili ya watu wengine kuwahukumu wenzake. Amewahukumu kwa kitabu chao.

Kasoro

Kazi hizi zina upungufu, na si vyema tuufiche kwa sababu ya heshima. Upungufu wa Yizhar ni kwamba dhamiri ya msimulizi haizai tendo. Anaona, anaumia, anasimulia kwa ufasaha, lakini hamteremshi hata mtu mmoja kutoka kwenye lori. Msomaji anaweza kufunga kitabu akimhurumia askari kuliko wanakijiji. Wapo wanaosema kwamba huo ndio ukosoaji wenyewe, yaani mwandishi anatuonyesha udhaifu wa uchungu usio na matendo. Nakubali kwa kiasi. Bado mama yule angestahili walau sentensi moja ya kwake.

Upungufu wa Kanafani uko mwishoni. Said, aliyekuwa amemkataza mwanawe wa pili, Khalid, kujiunga na wapiganaji, anarudi Ramallah akitamani kwamba kijana awe amekwisha kwenda. Hapo hadithi inageuka hotuba. Kurasa zote zilizotangulia zilikuwa zikitufundisha kwamba kila upande una mtoto aliyetupwa kwenye lori, na sasa tunaombwa tuamini kwamba bunduki ya Khalid itajua kuchagua. Historia ilijibu mapema. Mei 1972 Wajapani watatu wa Jeshi Jekundu, kwa ushirikiano na PFLP, walishambulia uwanja wa ndege wa Lod. Watu 26 waliuawa, na wengi wao walikuwa mahujaji wa Kikristo kutoka Puerto Rico. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo Kanafani mwenyewe aliuawa Beirut kwa bomu lililotegwa garini mwake, na wengi huamini kwamba ni kazi ya majasusi wa Israeli. Mpwa wake wa kike, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa naye garini. Hakuwa na bunduki. Si haki kuihukumu riwaya kwa yaliyotokea baada yake, lakini ni haki kusema kwamba Kanafani msanii alijua jambo ambalo Kanafani msemaji hakutaka kulikubali.

Mapokezi

Kazi hizi hazikulala kabatini. Khirbet Khizeh iliingia katika orodha ya vitabu vya shule za sekondari za Israeli mwaka 1964. Filamu yake ilipotaka kuonyeshwa kwenye televisheni ya taifa mwaka 1978, Waziri wa Elimu aliizuia kwa muda, na wafanyakazi wakakigeuza kioo kuwa cheusi kwa kupinga uamuzi huo. Baadaye ilionyeshwa. Mwaka 2008 jumba la maonyesho la Cameri mjini Tel Aviv lilicheza tamthilia ya Kiebrania iliyotokana na Kurudi Haifa, huku waandamanaji wakipiga kelele nje.

Kazi hizi katika madarasa yetu

Msomaji wa Burundi hahitaji maelezo marefu kuhusu nyumba yenye watu wengine ndani. Wapo wanafunzi waliozaliwa Ulyankulu, Katumba au Mishamo nchini Tanzania, katika familia zilizokimbia mwaka 1972. Baadhi ya familia zilizorudi zilikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yakilimwa na wengine, na wengine hao nao walikuwa wamezaa na kuzika hapo. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikutana na kesi hizo kila siku. Historia hizi mbili si moja, na kuzilinganisha kijuujuu ni kuzikosea zote. Ila swali la Said sebuleni linaeleweka hapa bila kamusi.

Napendekeza kwa walimu mazoezi mawili. La kwanza, wanafunzi wachukue taarifa ya habari ya Kiswahili kuhusu mgogoro huu na wapigie mstari vitenzi vya vifo. Nani "ameuawa", na nani "amefariki" au "amepoteza maisha"? Nyumba "zimebomolewa", au "zimebomoka"? Kauli ya kutendwa inaacha nafasi ya kumtaja mtendaji, lakini kauli ya kutendeka inaifunga. La pili, mwanafunzi mmoja amwandikie mama wa Khirbet Khizeh ukurasa mmoja wa usimulizi wa nafsi ya kwanza, na mwingine amwandikie Miriam barua ya usiku ule baada ya wageni kuondoka. Ni vizuri kila mmoja apewe mhusika ambaye asingemchagua mwenyewe.

Hitimisho

Mara nyingi vita hivi huelezwa kwetu kwa methali ya tembo wawili na nyasi. Methali hiyo ina huruma, lakini nyasi hazina majina na huota tena mvua ikinyesha. Watu hawaoti tena. Yizhar alitulazimisha kuwatazama wanaopakiwa, ingawa hakuwauliza majina. Kanafani alimpa jina hata anayekalia nyumba yake, ingawa mwishoni aliipa bunduki neno la mwisho. Mwanafunzi aliyesoma wote wawili bado anaweza kuwa na msimamo, na ni haki yake. Ila akiandika insha yake juu ya Gaza, au juu ya asubuhi ya tarehe 7 Oktoba, tumdai jambo moja kabla ya kumpa alama: kila kitenzi cha kuua kiwe na mtendaji wake, na kila aliyeuawa aitwe mtu.