Simba wa Pili

Mchezo wa nyimbo uitwao The Lion King ulianza mjini New York tarehe 13 Novemba 1997, na hata leo ungali ukichezwa. Majina yake yametoka katika Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. (Hapa Ituri jina la Simba lina kumbukumbu nyingine, ya mwaka 1964, tuiache.) Lakini walioyachukua majina hayo usiku wa kwanza, karibu wote wamekwisha kuondoka.

Watazamaji wengine, wakikuta ndani ya programu kikaratasi kisemacho kwamba leo fulani anashika nafasi ya fulani, hunung'unika kana kwamba wameuziwa nyama ya jana. Twaona hawatendi haki. Wako waigizaji wa akiba waliojifunza nafasi nyingi, nao pengine huitwa siku ile ile.

Tena tuangalie vinyago alivyobuni Julie Taymor. Vinyago vingi vya Kongo humficha mchezaji. Kile cha mfalme Mufasa chakaa juu ya kichwa, na uso wa mtu waonekana chini yake. Basi aingiaye badala ya mwingine hana pa kujificha. Hatua ni zile zile, nyimbo ni zile zile, uso ni wake.

Katika parokia zetu, akiugua mwenye nafasi ya Petro katika mchezo wa Mateso, mara nyingi kijana wa pili huamriwa amwige mgonjwa, hata kukohoa kwake. Hapo mchezo hufa. Jogoo akiwika, aachwe alie kilio chake mwenyewe.