Livingstone "Aliyeuawa" Mwaka 1866: Jinsi Uongo wa Musa Ulivyovunjwa

Tarehe 6 Desemba 1866 kundi la wanaume kutoka Nzwani, kisiwa cha Komoro ambacho Waingereza walikiita Johanna, liliingia Unguja likiwa na habari nzito. Dakta David Livingstone, walisema, ameuawa na Mazitu upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa. Kiongozi wao, Musa, alisema alikuwapo. Aliona bwana wake akipigwa shoka kwa nyuma, akajificha msituni, kisha akarudi washambuliaji walipoondoka na kumzika. Habari ikapelekwa London, na Machi 1867 magazeti ya Uingereza yakaandika taazia.

Livingstone alikuwa hai. Aliishi zaidi ya miaka sita baada ya siku hiyo ya "kuzikwa".

Safari hiyo ilianzia Mikindani, ndani ya manispaa hii hii tunayoishi sisi wa Likombe. Mtalii akifika huko huonyeshwa nyumba inayotajwa kuwa ndiyo aliyofikia Livingstone, na simulizi huruka moja kwa moja hadi Ujiji mwaka 1871, Stanley alipomkuta. Katikati hapo pana kazi nyingine isiyosimuliwa sana, ya mwaka 1867, ya kutafuta kama mtu aliyepotea bara amekufa au la. Kwa maoni yangu kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya Stanley, na ilifanywa kwa mbinu bora zaidi. Makala haya yanaichambua mbinu hiyo.

Watu 36 na ngamia sita

Livingstone aliondoka Unguja tarehe 19 Machi 1866 kwa meli ya kivita ya Kiingereza, Penguin, huku wanyama wake wakiwa ndani ya jahazi. Alikusudia kushukia mdomo wa Ruvuma, mto alioupanda mwaka 1861 na tena 1862 na kuukuta hauna kina cha kutosha. Safari hii hakuhitaji kina cha mto. Alihitaji mahali pa kushushia ngamia sita, nyati, nyumbu na punda. Mdomo wa Ruvuma ukamkatalia. Mikoko, vijito na matope havikuacha njia ya mnyama mzito kutoka majini hadi nchi kavu. Wakageuza kaskazini hadi Mikindani, yenye ghuba ya kina na iliyokingwa na mawimbi, na tarehe 24 Machi wakashusha.

Msafara ulikuwa na askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 waliosoma shule ya Nasik huko India baada ya kukombolewa utumwani, watu wawili wa Shupanga ambao mmoja wao ni Susi, na vijana wawili Wayao, Chuma na Wikatani. Mwanzoni mwa Aprili wakaondoka Mikindani kuelekea kusini magharibi. Katika nchi ya Wamakonde iliwalazimu kukodi watu wa kufyeka vichaka ili ngamia wapite na mizigo.

Kundi likaanza kupukutika. Wanyama walidhoofika na kufa. Askari wa Kihindi waligoma kutembea na kuwatesa wanyama, na Julai wakarudishwa pwani. Tarehe 8 Agosti Livingstone alifika Ziwa Nyasa upande wa mashariki. Alitafuta jahazi la kumvusha akalikosa, akazunguka ncha ya kusini kwa miguu. Kwa chifu Mponda, mahali mto Shire unapotoka ziwani, Wikatani akabaki. Kisha, tarehe 26 Septemba, baada ya kupita kwa chifu Marenga, mfanyabiashara mmoja Mwarabu akaeleza kwamba mbele kuna Mazitu wanaoua watu. Livingstone alikuwa tayari kupinda magharibi kuwakwepa. Musa na wenzake wakatua mizigo na kuondoka.

Kwa nini uongo ulikubalika

Uongo wa Musa ulipangwa kwa ustadi, na ndiyo maana unastahili kuchambuliwa kama kazi ya fundi. Njia aliyoieleza hadi kwa Marenga ilikuwa ya kweli, kwa sababu aliipita. Mazitu, yaani Wangoni kama tunavyowajua leo, walikuwapo kweli na watu wote wa ukanda ule waliwaogopa. Aliyesikiliza Unguja angeweza kuthibitisha sehemu tisa za hadithi kwa kuwauliza wafanyabiashara wa Kilwa, na ile ya kumi, yaani kifo, ikapita mgongoni mwa zile tisa.

Sababu ya kudanganya ilikuwa wazi pia. Aliyemwacha bwana wake njiani hana haki ya mshahara, lakini ambaye bwana wake ameuawa anarudi na deni la kudai.

Nguvu ya tatu ya hadithi ilikuwa idadi ya waliosimulia. Musa aliungwa mkono na wenzake, na kwa haraka haraka mtu husema watu wote hao hawawezi kukubaliana juu ya uongo. Lakini kati ya 26 Septemba na 6 Desemba walitembea pamoja, wakala pamoja na kulala pamoja kwa zaidi ya miezi miwili. Mashahidi waliokaa pamoja muda wote huo wanahesabika kuwa shahidi mmoja. Maelezo yao yalifanana kwa sababu yalitoka chungu kimoja.

Seward, aliyekuwa akikaimu ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, na John Kirk, aliyewahi kusafiri na Livingstone Zambezi, walikwenda Kilwa kuuliza wafanyabiashara wa bara. Baadaye habari kutoka kwa wafanyabiashara hao zilianza kutia shaka, lakini shaka haikutosha kufuta taazia. Ilibidi mtu afike mahali penyewe.

Alichofanya Young

Edward Daniel Young, mpiga mizinga wa jeshi la maji la Uingereza, alikuwa na mambo mawili ambayo mabwana wa London hawakuwa nayo. Aliujua mto Shire, kwa kuwa alitumika katika safari ya Zambezi, na alimjua Musa tangu wakati huo, wala hakumwamini. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia na serikali wakamkabidhi kazi. Mashua ya tanga ya chuma cha pua ikaundwa Chatham, ikapewa jina Search. Ilitengenezwa kwa vipande ili iweze kufunguliwa, kubebwa vichwani kuyapita maporomoko ya Murchison kwenye mto Shire, na kuungwa tena juu yake. Young aliondoka Uingereza Juni 1867 na wenzake watatu, na kufikia Septemba alikuwa ndani ya Ziwa Nyasa.

Hapa ndipo pa kujifunza. Kama angefuata njia ya Mikindani, angetembea miezi nyuma ya nyayo zilizokwisha kufutika. Kwa kupanda Zambezi na Shire kwa mashua alifika moja kwa moja kwenye eneo la shaka, takriban mwaka mmoja tu baada ya tukio, wakati watu bado wanakumbuka mgeni alivaa nini na alitembea na nani.

Swali lake lilikuwa jembamba: yuko mtu aliyemwona Livingstone hai kupita mahali ambapo Musa anasema aliuawa? Swali la namna hiyo lina jibu moja tu, ndiyo au hapana, na ndiyo mmoja wa kweli unatosha kuiangusha hadithi nzima.

Jambo la kwanza ni kwamba aliwauliza watu wa vijiji mbalimbali, wasiokaa pamoja na wasio na mshahara wa kudai. Alianza upande wa mashariki wa ziwa, akaenda kwa Mponda, akafika kwa Marenga. Kila mahali alikusanya maelezo yanayoweza kupimwa: mavazi ya yule Mzungu, mbwa mdogo aliyefuatana naye, vijana wa Kiyao waliokuwa naye. Kwa Mponda akasikia habari za Wikatani, kijana ambaye jina lake halingeweza kutungwa na mwanakijiji wa ziwani ili kumfurahisha mgeni.

La pili ni vitu. Watu walimtolea vitu vidogo vya Kizungu, kama kijiko, kisu na wembe, na kusema walipewa na mgeni yule. Musa alileta Unguja maneno matupu.

La tatu ndilo lililomaliza kesi. Kwa Marenga, Young alielezwa kwamba Musa na wenzake walirudi pale muda mfupi baada ya kuondoka na Livingstone, wakasema wamemwacha kwa sababu anakwenda kwenye vita. Wenyeji waliombebea mizigo Livingstone siku kadhaa mbele nao walikwisha kurudi, na walimwacha salama. Marenga mwenyewe akaongeza hoja ya mtu mzima: kama Mzungu huyo angeuawa popote karibu na nchi yake, habari ingemfikia. Katika nchi ambayo msafara wa watu wengi na mizigo hauwezi kupita bila kijiji kujua, ukimya nao ni ushahidi, mradi anayeueleza ni mtu ambaye habari lazima zipite kwake.

Mwanzoni mwa 1868 Young alikuwa London na majibu. Wakati huo huo barua aliyoiandika Livingstone Februari 1867, miezi kadhaa baada ya "kifo" chake, ilifika pwani mikononi mwa wafanyabiashara. Shajara yake ilipochapishwa mwaka 1874 ikawa mtihani wa mwisho wa kazi ya Young. Kukosa jahazi, kuzunguka ncha ya kusini, kubaki kwa Wikatani na kuondoka kwa Musa vyote vimo, kama watu wa ziwani walivyosema.

Kipimo hicho hicho kwenye barafu

Waingereza wa kizazi hicho walikuwa na msafara mwingine uliopotea. Mei 1845 John Franklin aliondoka na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika. Watu 129 wakatoweka. Mwaka 1854 mpelelezi wa nchi za barafu, John Rae, alipata maelezo kutoka kwa Wainuit kwamba Wazungu wengi walikufa kwa njaa, na baadhi yao walikula maiti. Wainuit walikuwa na vijiko na uma za fedha za maofisa wa Franklin, na Rae alivinunua.

Tuweke kesi mbili sambamba. Kwa Rae kulikuwa na wenyeji wasio na mshahara wa kudai na vitu vinavyotambulika, kama ilivyokuwa baadaye kwa Young. Lakini London ilimshambulia Rae, na Charles Dickens aliandika kuwadharau Wainuit kama watu wasioaminika. Waraka uliopatikana kisiwa cha King William mwaka 1859 ulithibitisha kwamba meli zilinaswa na barafu tangu Septemba 1846, Franklin alikufa 11 Juni 1847, na mabaharia waliziacha meli Aprili 1848. Mifupa iliyochunguzwa baadaye ilikutwa na alama za visu. Mwaka 2014 Erebus ilipatikana katika eneo ambalo simulizi za Wainuit zilitaja tangu mwanzo, na Terror ikapatikana mwaka 2016 baada ya Sammy Kogvik, Mwinuit, kueleza alichowahi kukiona akipita pale.

Kilichotofautisha kesi hizi mbili ni ladha ya jibu. Watu wa Nyasa walisema yule mpendwa yu hai, wakaaminiwa. Wainuit walisema wapendwa walikufa vibaya, wakatukanwa. Ubora wa ushahidi ulikuwa karibu sawa.

Mipaka ya mbinu

Young hakuthibitisha kwamba Livingstone yu hai siku ile alipouliza. Alithibitisha kwamba hakufa mahali pale, kwa namna ile, na alisimama hapo. Hakumfuata bara zaidi, na ilikuwa sawa, kwa maana kazi aliyotumwa ilikwisha.

Kifo cha kweli kilipokuja, Mei 1873 kwa Chitambo katika Zambia ya leo, Susi na Chuma walileta vyote viwili, maelezo na mwili. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874. London nayo haikutegemea maneno pekee. Daktari William Fergusson aliuchunguza mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba Afrika Kusini miaka thelathini kabla na kuunga vibaya, akautambua.

Hukumu yangu ni kwamba kesi ya 1866 ilitatuliwa na Marenga, wapagazi wake na wakazi wa ziwani. Young anastahili sifa ya kuuliza swali sahihi, kufika mapema na kusikiliza hadi mwisho.

Mbinu hii haihitaji meli ya kivita wala jumuiya ya kifalme. Hapa kwetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, mashua huchelewa, na mara nyingine anarudi mmoja na habari za wenzake. Wenye jukumu la kuuliza, yaani viongozi wa vikundi vya wavuvi, wenyeviti wa mitaa na familia, wafanye mambo matatu. Wamsikilize kila mtu peke yake siku ile ile, kabla hawajakaa pamoja. Waandike mahali, saa na alichovaa mtu mara ya mwisho kuonekana. Kisha wawaulize walio mbele ya mahali panapotajwa, na siyo nyuma yake tu. Tanga la msiba lisianikwe kwa kauli ya anayedai mshahara.