Shibolethi na Bariera ya Goma: Uhakiki Mfupi

Kisa cha Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, hutajwa mara nyingi na wanaisimu kama mfano wa lafudhi inayofichua asili ya msemaji. Usomaji huo ni sahihi lakini ni finyu. Kifasihi, kisa hiki kinahusu kizuizi cha askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwani Wagileadi na Waefraimu wote ni Waisraeli. Mtu anaomba kuvuka Yordani. Anaulizwa asili yake, anakana, anaamriwa kutamka neno moja, anauawa. Msimulizi hatoi hukumu. Anataja tu idadi ya walioanguka, 42,000, bila kueleza ni nani kati yao aliyekuwa mpiganaji.

Udhaifu wa mtihani huo hudhihirika kisa kinaposomwa Goma. Mji huu ulipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda Julai 1994, ukatekwa na AFDL Novemba 1996, ukawa makao ya RCD kuanzia 1998, kisha ukaangukia mikononi mwa M23 mwaka 2012 na tena Januari 2025. Kila mara mwenye kuuliza kwenye bariera alibadilika. Mwenye kuulizwa alibaki raia yuleyule.

Hapo lafudhi ni shahidi mbovu. Asemaye "mutu" na "batu" hutambulikana kuwa ni wa Kongo, lakini haijulikani yuko upande gani. Mwenye lafudhi ya Kinyarwanda aweza kuwa mzaliwa wa Masisi au Rutshuru, ambako Wakongo wengi huzungumza lugha hiyo. Asemaye Kiswahili sanifu aweza kuwa mwalimu tu. Isitoshe, askari aliyelelewa katika Kilingala, lugha ya jeshi tangu enzi ya ukoloni, aweza kuwa mgeni zaidi ya huyo anayemshuku.

Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya 1977 inaagiza kwamba penye shaka mtu ahesabiwe raia. Itifaki ya Pili, inayohusu vita vya ndani, haina kifungu hicho. Hata hivyo, Kifungu cha 3 cha Mikataba ya 1949 kinakataza kumuua aliyekamatwa bila hukumu ya mahakama, hata akiwa adui kweli.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kivukoni, mgeni amegeuzwa kuwa silabi. Wanaofundisha kisa hiki katika isimujamii hawana budi kuongeza swali ambalo msimulizi hakuliuliza: huyo aliyekosea kutamka alikuwa amefanya nini?