Geuza Nyuma Kabla ya Kufumua

Kwa baridi ya Juni hapa Mbeya, shuka moja haitoshi. Mwaka jana niliokota vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani wa eneo la Mwanjelwa, nikashona blanketi la viraka: safu 10, kila safu viraka 8. Nilipomaliza, pembe za viraka hazikukutana, ukingo mmoja ulikuwa na mawimbi, na safu za mwisho zilijaa vitanzi vya uzi kwa nyuma. Nikachukua wembe nifumue lote. Fundi jirani akanizuia: "Dada, usifumue kwanza. Geuza nyuma tuone."

Tulianza na vitanzi. Wengi wakiviona chini hukimbilia kukaza skrubu ya bobini, kumbe kosa liko kwenye uzi wa juu. Nilipobadilisha uzi, niliupitisha mguu wa cherehani ukiwa chini. Mguu ukiwa chini, visahani vya kubana uzi vimefumba. Uzi ukapita nje yake, ukalegea, ukavutwa wote chini. Dawa yake: inua mguu, vua uzi, upitishe upya, kisha jaribu kwenye kipande kilichokunjwa mara mbili. Mishono iliyolegea tuliirudia juu ya mstari uleule.

Pembe zilihitaji futi. Nilikusudia kuacha sentimita 1 pembeni mwa kila mshono, lakini safu tatu zilikuwa na milimita 12. Milimita 2 zinaonekana si kitu. Ila kila mshono hula viraka viwili, yaani milimita 4, na viraka 8 vina mishono 7. Jumla ni milimita 28: safu imepungua karibu sentimita 3! Tulizitenganisha safu hizo tatu tu, saba hazikufumuliwa.

Namna ya kufumua nayo ni ufundi. Upande mmoja, kata uzi wa mshono kwenye tundu moja kila baada ya manne. Geuza, shika uzi wa upande wa pili, uvute polepole: unatoka mzima, na kitambaa hakitoboki.

Kabla ya kurudia, tulibandika plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, iwe mpaka wa kitambaa. Kisha pasi: mishono ya safu moja ililazwa kulia, ya safu inayofuata kushoto. Safu zikikutanishwa, vinundu viwili vya mishono vinashikana, na kidole kinakuambia pembe imekaa hata kabla ya pini.

Mawimbi yalitokana na vipande vyenyewe. Ni mabaki ya makwapa na shingo za magauni, mengi yamekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari hunyumbuka kikivutwa. Tulipiga mshono mrefu ukingoni, tukauvuta uzi hadi ukingo ukarudi kwenye kipimo, tukapiga pasi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tukaufunga kwa ukanda uliokatwa kufuata uzi wa kitambaa.

Kwa wengine sindano ndiyo riziki. Iringa, karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, inawapatia watu wenye ulemavu kipato kwa kazi za mikono, ushonaji ukiwemo. Kwa anayeishi kwa sindano, saa ya kufumua bila sababu ni saa isiyolipwa, na kipande kilichotobolewa hakirudi. Ndiyo maana ninawasihi wanaojifunza: wembe ubaki mezani mpaka mmejua kosa lilianzia wapi.