Nibu za Titani: Dhahabu ya Maskini?

Baina ya wapenzi wa kalamu za wino umeenea msemo kwamba nibu ya titani ni dhahabu ya maskini. Wauzaji wameudaka, na sasa hukosi kuukuta penye bidhaa zao. Nimejaribu nibu tatu za namna hiyo kwa muda wa miezi minne hapa Maskati, na rai yangu ni kuwa msemo huu unawapoteza wanunuzi. Anayeitafuta dhahabu ndani ya titani hataipata, na huku ataipita faida ambayo titani inayo kweli.

Kwanza nieleze nilikuwa nataka nini, maana kalamu nzuri kwa mtu wa hundi na risiti si lazima iwe nzuri kwangu. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za watu wa Unguja na Pemba waliokuja Omani baada ya 1964 na khasa baada ya 1970, upo mkoba wa barua. Ni Kiswahili kitupu kwa khati za Kiarabu, na wino wa buluu uliokwisha pauka, mahala pengine umebaki kama kivuli. Watoto wetu Kiarabu wanakisoma kuliko sisi, na Kiswahili wanakisikia, lakini barua hizi zinawashinda. Sababu ni kwamba waandishi wa zamani waliitumia be moja kwa b, kwa p na kwa mb, na fe moja kwa f na v. Lazima ulijue neno ndipo ulisome. Kuzipiga picha nimezipiga, lakini picha haimsomeshi mtu. Kwa hivyo nazinakili kwa mkono: mstari wa khati ya Kiarabu juu, wa herufi za Kilatini chini yake, katika daftari moja zito. Sitaki kazi hii nayo ipauke baada ya miaka arubaini.

Wino unaofaa kwa kazi hiyo ni ule wa kizamani unaotengenezwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya miti. Ukiandika huonekana buluu, kisha hewa huugeuza mweusi, na ukishashika karatasi hautoki kwa maji. Huko Uingereza daftari za ndoa zilijazwa kwa wino wa jamii hii mpaka 2021, utaratibu ulipohamishiwa kwenye kompyuta. Kasoro yake ni tindikali. Nibu ya chuma cha pua ya leo haiharibiki kwa wiki moja, lakini ukiiacha kalamu mezani wino ukaukie ndani, na hapa Maskati viyoyozi vinakausha kila kitu, utaona madoa na vishimo vidogo kuzunguka mpasuko. Nibu iliyopakwa dhahabu juu ya chuma huanza kubabuka papo hapo penye mpasuko. Dhahabu halisi haiguswi, lakini nibu ya karati 14 hugharimu kuliko kalamu yote ninayoichomekea.

Hapo ndipo titani inapoingia. Sisi wa mitambo tunaijua tangu zamani: mabomba membamba ya titani hutumiwa katika mitambo ya kutoa chumvi maji ya bahari, kwa kuwa maji ya moto yenye chumvi hayaili. Kinachohimili bahari hakisumbuliwi na tone la wino.

Na si madini adimu, wala si mageni kwetu. William Gregor aliyagundua kwenye mchanga wa Cornwall mwaka 1791, na mchanga wa namna hiyo uko pwani yetu wenyewe. Kwale, kusini ya Mombasa, ilichimbwa ilimenaiti na rutili kuanzia 2013 mpaka Disemba 2024, na shehena zikipakiwa Likoni. Sehemu kubwa kabisa ya titani duniani haifanywi chuma, hufanywa unga mweupe wa rangi za kuta, plastiki na karatasi. Chuma chake ni ghali kwa sababu kukitenga kunataka klorini, magnesi na joto jingi. Bei yake unalipia moto, si uchache wa mchanga.

Sasa nibu zenyewe. Viwanda majina havikosekani: Bock wa Heidelberg, Ujerumani, wanaotengenezea nibu kampuni nyingi za kalamu, wana za titani. Nilizojaribu mimi nitazieleza kwa bei tu. Ya kwanza ilinigharimu riali 26 pamoja na usafirishaji, ya pili riali 11, na ya tatu riali 4. Zote zimeandikwa titani.

Nilizipeleka kwa sonara mmoja wa Matrah mwenye mizani ya kupimia vipande vya pete, nikachukua na nibu ya chuma cha pua ya ukubwa ule ule. Hesabu ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo ya titani ina gramu 4.5, na ya chuma cha pua karibu 7.9. Nibu ya chuma ilipima gramu 0.56. Ya riali 26 ilipima 0.33, na ya riali 11 ilipima 0.34. Ya riali 4 ilipima 0.56. Yaani ni chuma kilichopakwa rangi ya kijivu, na neno titani limeandikwa juu yake kama jina la harusi. Sonara alicheka, akaniambia kwake watu huleta pete za namna hiyo kila wiki.

Zilizobaki ni mbili. Lazima ijulikane kwamba kinachogusa karatasi si titani. Kwenye ncha hubandikwa punje ya madini magumu sana, kama ilivyo kwa nibu za dhahabu na za chuma, kwa hivyo ulaini wa kuteleza ni kazi ya aliyeisugua punje hiyo. Ya riali 26 ilisuguliwa vizuri. Ya riali 11 ilikuja meno yake mawili hayako sawa, moja juu jingine chini, ikakwaruza mpaka nilipoyalinganisha kwa kucha chini ya kioo cha kukuzia. Baada ya hapo tofauti yake na mwenzake ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Titani huonekana kwenye kunesa. Ukakamavu wake ni kama nusu tu ya ule wa chuma cha pua, basi kwa unene ule ule na nguvu ile ile ya mkono, meno hufunguka karibu mara mbili. Hauko mbali na ukakamavu wa dhahabu ya karati 14, na nadhani ndiko msemo ule ulikotoka. Lakini titani iliyo karibu safi ni laini, na ukiikandamiza kupita kiasi hupinda ikabaki imepinda. Wanaotaka mistari ya kunenepa na kukonda kama ya mabwana wa khati watazivunja moyo na kuziharibu. Tena meno yakifunguka wino humiminika, na karatasi nyembamba za madaftari ya dukani hunywa mpaka upande wa pili.

Kwa herufi za Kilatini raha ni kubwa. Mkono wangu ulikuwa mwepesi tangu siku ya kwanza. Kwa khati ya Kiarabu mambo yakageuka. Anayeandika kwa mkono wa kulia akitoka kushoto kwenda kulia huiburura nibu, na akitoka kulia kwenda kushoto huisukuma. Mabwana wa khati hawapati taabu hii kwa kuwa hukata kalamu ya mwanzi mshazari, kila mmoja kwa mkono wake. Nibu ya duara haikukatwa kwa hayo, na ikiwa inanesa, kila ukivuta paa la kafu au tumbo la be inajichoma kidogo kwenye karatasi na kutema wino. Ya riali 26, ambayo ni ya saizi ya wastani, iliziba irabu zangu: fataha ikawa gogo, nukta mbili za te zikashikana. Barua ya kwanza ilinibidi niinakili upya. Ya riali 11 ni nyembamba, na kwa kuinamisha kalamu zaidi kuelekea kiganja iliandika irabu zikasomeka. Dhahabu laini nayo ingenitesa vile vile hapo. Chuma cha pua kigumu, kwa khati peke yake, kinazishinda zote.

Kilichonibakisha kwenye titani ni wino. Niliiacha ya riali 11 na wino ule ndani yake wiki tano bila ya kuiosha. Ulimi mweusi wa chini, unaoleta wino, ulikuwa umeganda na ukataka kulowekwa usiku kucha; nibu ilitoka kama ilivyoingia, haina hata doa.

Parker waliwahi kutoa kalamu ya titani, nibu na sehemu ya kushikia kipande kimoja, T-1 ya mwaka 1970, wakaiacha mwaka uliofuata kwa ugumu wa kuitengeneza. Leo kitu hicho kinauzwa kwa bei ya samaki wawili wa Eid. Anayeandika Kilatini kwa mkono mwepesi na anunue, achague nyembamba, na aipime kwa sonara kabla siku za kurudisha hazijapita. Mwenye mkono mzito abaki na chuma cha pua cha riali tano na aioshe kalamu yake kila Ijumaa.